Mpiga Hesabu Asiyeitaja Tatu

Wako wanawake waliokatazwa mayai, wako waliokatazwa kukalia kiti cha mume, na wako waliokatazwa kucheka mbele za wageni. Marcelina alikatazwa namba. Wala si namba kubwa ya kutisha. Ni ile inayoifuata mbili na kuitangulia nne.

Siku alipoolewa huko Majita, kwenye rasi iliyochomoza ziwani kama kidole cha mtu anayeonya, mama mkwe wake Bibi Hilda alimkalisha jikoni akamsomea sheria za nyumba. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Hilo Marcelina alilijua, hata kwao ilikuwa hivyo hivyo. Balaa ni kwamba baba mkwe aliitwa Masatu, na kwa Kijita ukihesabu unasema kamwi, kabhili, kasatu.

"Sasa mama, nikitaka kuhesabu?" Marcelina aliuliza.

"Hesabu. Nani kakukataza? Ukifika hapo unaruka."

"Na nikihesabu kwa Kiswahili? Nikisema tatu?"

Bibi Hilda akageuza ugali, akafikiri kama jaji wa rufaa. "Hilo ni jina lake lile lile, limevaa suruali."

"Na kwa Kiingereza?"

"Limevaa tai."

Kesi ikafungwa. Na kama vile Mungu naye alitaka kucheka kidogo, Marcelina alikuwa muuza samaki. Ukiishi ukingo wa ziwa hili, samaki wa heshima anaitwa sato, na Bibi Hilda aliamua, bila kusikiliza upande wa pili, kwamba sato na Masatu ni mtu na binamu yake. Basi sokoni Musoma mteja akija kuuliza, "Mama, sato wako wazuri?" Marcelina hujibu, "Wale wapana? Wazuri sana." Mteja anasema, "Nimesema sato." Naye anasema, "Ndio hao wapana." Watu wengine walidhani ni samaki wa aina mpya, bora zaidi, wakawa wanapita meza za wenzake wote wakiulizia wapana.

Nyanya za mchuzi alinunua mbili, akalipa, kisha akarudi kununua nyingine moja. Saa tatu asubuhi kwake ilikuwa saa mbili iliyochelewa. Na mtoto aliyezaliwa baada ya mwanawe wa kwanza Gasper na pacha wa kwanza, yaani pacha wa pili, alitambulishwa kwa wageni kama "huyu aliyemfuata mwenzake." Maisha yaliendelea. Binadamu anaweza kuishi bila namba moja. Wako wanaoishi bila akili na wanagombea uongozi.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyekuja kuwa mpiga hesabu wa klabu ya makasia.

Klabu yenyewe iliitwa Nyota ya Ziwa, wanawake kumi na mmoja kwa mtumbwi mmoja, chini ya kocha Khalidi, muuza magodoro wa Musoma mjini. Khalidi hakujua kuogelea, na akipanda mtumbwi alishika kingo zote mbili kama mtu anayepimwa presha. Lakini alikuwa na simu kubwa, na ndani ya simu hiyo alikuwa ameangalia mashindano ya makasia ya dunia nzima, hata ya nchi ambako maji yanaganda. Alinunua fulana, alinunua maboya ya kuvaa, na kila Jumamosi alisimama juu ya jiwe ufukweni akipiga kelele, "Wamama, pozi! Pozi la mgongo!" Wamama walimpenda, maana si kila mwanaume wa mjini anaamini kwamba mgongo wa mwanamke unaweza kufanya kazi nyingine zaidi ya kubeba mtoto na lawama.

Upigaji wao ulikuwa wa kwao wenyewe, haukutoka kwenye simu. Pigo la kwanza na la pili ni mepesi, ya kukipa chombo mwendo. Pigo linalofuata ndilo lenye mgongo wote: kasia linazama mpaka mkono unalowa, halafu kumi wanavuta kama wanang'oa muhogo ulioshikwa na mchawi upande wa pili. Kwa hiyo lazima mtu mmoja ahesabu, naye ni yule anayekaa nyuma kabisa na kasia la usukani, kwa sababu ndiye pekee anayewaona wote.

Marcelina alipewa kiti hicho kwa ajili ya koo lake. Miaka mingi ya kugombania dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ilikuwa imempa sauti ya kumwamsha mtu aliye kisiwa cha pili. Naye alikipenda kile kiti kuliko alivyoweza kueleza. Nyumbani hata kuku hawakumsikiliza. Mumewe, baba Gasper, alikuwa Kiabakari akisaga mawe ya dhahabu, akirudi mwisho wa mwezi na vumbi na ahadi. Lakini pale nyuma ya mtumbwi akisema vuta, wanawake kumi wanavuta. Akisema pumzika, wanapumzika. Alikuwa hajawahi kuona jambo kama hilo tangu azaliwe.

Na ile namba? Kwa misimu miwili aliimaliza kwa filimbi. "Kamwi! Kabhili!" kisha *priii!* Kila mtu akaridhika, pamoja na Bibi Hilda, aliyetamka kwamba filimbi haina ukoo.

Mambo yaliharibika mwaka huu, mashindano yalipokuwa makubwa. Mshindi wa wanawake mkoa wa Mara angekwenda Mwanza kushindana na mikoa ya jirani. Yakaja mabango, ikaja kamati, na kamati ikija sharti ije na sheria, la sivyo watu watauliza inakula chai kwa kazi gani. Sheria mojawapo ilisema filimbi ni ya mwamuzi peke yake, maana filimbi ikilia vyombo vyote vinasimama. Nyingine ilisema mtu wa nchi kavu haruhusiwi kukipa chombo maelekezo wala mdundo. Kwa sheria hiyo wanawake wa klabu ya Malkia wa Bunda, waliokuja na mashabiki wao wa Nyasura na ngoma za kutosha harusi mbili, waliambiwa ngoma zikae kwenye gari.

Siku ya mchujo Marcelina akaingia majini bila filimbi.

"Kamwi! Kabhili! Mmmh!"

Ile "mmmh" ilichukuliwa na upepo kabla haijafika kwa mwanamke wa katikati. Nusu ya mtumbwi ikavuta, nusu ikabaki inasubiri. Siwema, fundi cherehani aliyekaa mbele kabisa, aligeuza shingo akapiga kelele, "Mama Gasper, umemaliza au unatafuna?" Ikabidi Siwema mwenyewe awe anaitaja ile namba. Ikawa vinywa viwili, kimoja nyuma kimoja mbele, na makasia yakagongana kama vijiko kwenye msiba. Waliponea kuingia fainali kwa nafasi ya pili. Malkia wa Bunda walitangulia kwa mtumbwi mzima, na mpiga hesabu wao, Debora, mwanamke mrefu wa Guta, alipita karibu akawapungia kanga.

"Poleni jamani! Sisi tuliendaga shule, tunajua mpaka kumi!"

Khalidi aliwaita wote chini ya jiwe lake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mfanyabiashara aliyeona godoro limeloa.

"Mama Gasper, mimi naheshimu mila. Marehemu bibi yangu alikuwa na mila mpaka mtu unaogopa kupiga chafya. Lakini fainali ni Jumamosi. Mtu wa nyuma anatakiwa ahesabu, na hesabu iishe. Kama haiishi, kiti nampa Ikhlas."

Ikhlas, binti mwembamba aliyekuwa akitazama kucha zake, alishtuka. Sauti yake ilikuwa kama redio inayoomba betri. "Mimi? Kocha, mimi nikisema hata mume wangu anauliza nani kaingia."

"Utajifunza."

Marcelina aliokota beseni lake la wapana akapanda gari la kurudi Majita, na njia nzima aliona kile kiti kikikaliwa na mtu mwingine.

Nyumbani alimkuta Bibi Hilda akipepeta mtama. Akapiga magoti, akasalimia, akaeleza yote, akaomba ruhusa ya siku moja tu, tena majini, ambako kwa kweli si nyumbani.

"Majini ni nyumbani kwa nani?" Bibi Hilda aliuliza. "Huyo mzee kavua humo tangu hajaota ndevu. Kila wimbi linamjua."

"Mama, wataninyang'anya kiti."

"Mkamwana aliyetaja jina la mkwe wacheza ngoma hawamtungii wimbo wa sifa. Wanamtungia ule mwingine."

Ukweli ni kwamba Marcelina hakuogopa wimbo, wala mbuzi wa faini, wala yale ya kwamba ukilitaja meno ya wanao yataota nyuma mbele. Kilichomfunga mdomo ni mzee mwenyewe. Alipoanza kupanda mtumbwi wa mashindano, wanaume wa mwaloni walikuja mpaka uani kulalamika kwamba mke wa mtu kukaa kwenye usukani ni aibu kwa rasi nzima. Mzee Masatu aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akawaambia, "Mimi chombo nimekiendesha miaka yote na hakijawahi kuniuliza nimevaa nini ndani." Wakaondoka. Kesho yake alichonga kasia jepesi la usukani, akaliegemeza nje ya mlango wa Marcelina. Mtu kama huyo jina lake hulitupi ziwani kama maganda ya muhogo, eti upate kikombe.

Na kana kwamba kikaango hakijapata moto wa kutosha, jioni hiyo mzee aliingia uani, akakohoa kile kikohozi cha kutaarifu wakamwana wajifunike vizuri, akasema akiuelekea mti, "Nimesikia Jumamosi kuna mashindano. Nitakuja kutazama."

Marcelina akajibu akiutazama mti ule ule. "Karibu sana, baba."

Moyoni alisema jambo lingine.

Jumamosi ufukwe wa Musoma ulijaa mpaka juu ya mawe. Mgeni rasmi kutoka Butiama alifika wakati samaki wa kukaanga wamepoa, akatoa hotuba ndefu ya kueleza kwamba hatatoa hotuba ndefu. Wanaume walishindana kwanza; wawili walianguka majini wakashangiliwa kuliko walioshinda. Kisha wakaitwa wanawake. Njia ilikuwa kwenda mpaka pipa la bluu lililofungwa nanga kule mbali, kulizunguka, na kurudi mpaka kamba ya ufukweni.

Khalidi alimshika Marcelina bega. "Umeamua nini?"

"Nitaona hukohuko."

"Mama Gasper, 'nitaona' si mpango!"

"Ndio uliopo."

Lameck, mwamuzi mkuu, mwanaume mnene mwenye kofia ya majani, akapuliza filimbi. Vyombo vikaondoka.

Kwenda walikwenda hovyo. Marcelina alijaribu kuruka moja kwa moja, "Kamwi! Kabhili! Kana!" yaani nne, lakini miili iliyozoea kitu kwenye ile nafasi ikabaki inaning'inia kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Akajaribu kupiga teke ubao, maji yakameza. Kufika kwenye pipa, Malkia wa Bunda walikuwa wameshageuka, na Debora anaimba.

"Marcelina, sema kitu!" Siwema alipiga kelele bila kugeuka. "Sema chochote! Tukana hata!"

Marcelina akaingiza kasia la usukani, mtumbwi ukalizunguka pipa, na pua yake ikaelekea ufukweni. Hapo ndipo alipomwona. Mzee Masatu alikuwa amesimama peke yake pembeni ya watu, juu ya jiwe la chini kabisa, ndani ya koti lake la kanisani, kofia mkononi, ameuangalia mtumbwi wao tu. Na mdomo wa Marcelina, uliokuwa ukitafuta neno tangu Jumamosi iliyopita, ulifanya kile ambacho umekuwa ukifanya kila siku kwa miaka yote aliyoishi kwenye ua ule.

"Kamwi! Kabhili! BABAAA!"

Makasia kumi yakazama kwa pamoja. Neno lilikuwa refu, likavuta pigo nalo likarefuka, na mtumbwi ukaruka kama umechomwa sindano.

Kule juu ya jiwe mzee Masatu akasikia. Mkamwana wake anamwita. Katikati ya ziwa, mbele ya mkoa mzima, lakini anamwita, na mtu wa heshima akiitwa anaitika.

"Eeee!"

"Kamwi! Kabhili! BABAAA!"

"Eeee! Nakuja!"

Akashuka kwenye jiwe. Viatu vikaingia majini. Siwema alianza kucheka, na kucheka kwake kukashika mtumbwi mzima, lakini hakuna aliyekosa pigo. Walikuwa wanavuta huku machozi yanawatoka. Bunda walikuwa mbele kwa urefu wa mtu mmoja. Marcelina akaita. Mzee akaitika, maji yakamfika magotini. Marcelina akaita tena, na sasa hata watoto waliokuwa kwenye mawe walikuwa wanaitika, "Eeee!" Mzee akafika kiunoni, koti limeelea nyuma yake kama mkia wa bata, mikono ameinyoosha kumwokoa mtoto wa watu aliyekuwa, kwa maoni yake, anazama kwa zamu.

Nyota ya Ziwa wakaigusa kamba mbele ya Bunda kwa kipande kisichozidi urefu wa sufuria. Kisha wakamkwepa mzee kwa bahati tu.

"Mwanangu, umeumia wapi?" akauliza, akihema.

Marcelina akainamisha uso, akapiga magoti humo humo mtumbwini. "Sijaumia, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa uliniitia nini?"

Kabla hajajibu, Debora alikuwa ameshafika kwa Lameck, kidole juu.

"Nakata rufaa! Sheria inasema mtu wa nchi kavu hatoi mdundo. Sisi mlitunyang'anya ngoma zetu, zimekaa kwenye gari kama wafungwa! Hawa wameleta mzee mzima wa kuwaitikia!"

Watu wakazomea, wengine wakapiga makofi. Haki ya Mungu, mwanamke alikuwa na hoja. Khalidi alishika kichwa. Marcelina alisimama mchangani, maji yanamchuruzika, akijua kwamba kama ushindi ukifutwa, atakayelaumiwa ni mdomo wake, na kiti kitakwenda kwa Ikhlas bila hata kikao.

Lameck akamwita mzee Masatu. "Mzee, ulikuwa unawapigia hawa hesabu?"

"Hesabu gani? Mimi nimeitwa."

"Umeitwa mara ngapi?"

"Nyingi. Nikaitika nyingi. Wewe ukiitwaga unakaa kimya?"

Lameck akajikuna chini ya kofia. Akamgeukia Debora. "Umeolewa?"

"Nimeolewa, Guta."

"Baba mkwe wako yupo hapa?"

"Yupo. Yule pale mwenye mwavuli wa kijani."

"Muite. Nataka nimuulize jambo la mila. Muite kwa jina lake."

Debora akafungua mdomo, akaufunga. Akaangalia pembeni. Mashabiki wa Nyasura wakaanza kuguna.

"Siwezi, bwana mwamuzi. Unajua siwezi."

"Basi muite unavyoweza."

Debora alikuwa mtu wa sifa, na koo lake nalo halikuwa la kukopa. Akajaza kifua. "BABAAA!"

Mzee wa mwavuli wa kijani akainuka. "Eeee!" Lakini hakuwa peke yake. Aliitika mzee aliyekuwa anakula mahindi ya kuchoma. Waliitika wawili waliokuwa kivulini wanacheza bao. Aliitika fundi baiskeli, akaitika katekista, akaitika mzee Masatu akiwa bado anakamua koti lake, na kutoka jukwaa kuu, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, akaitika mgeni rasmi. Wengine wao walikuwa wameshaanza kutembea kuja.

"Debora," Lameck akasema, "hawa wote ni makocha wako?"

Ufukwe mzima ulianguka kwa kicheko. Debora alijaribu kununa, akashindwa. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, kisha akamfuata Marcelina akampiga kibao cha mgongoni cha upendo.

"Mwenzangu, yule wa kwangu anaitwa Kasmiri," alimnong'oneza, kisha akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mungu wangu! Nimelisema?"

"Sijasikia kitu," Marcelina akasema. "Nina maji masikioni."

Lameck alitangaza kwamba kuitika unapoitwa si mdundo, ni malezi, na kwamba kamati itaangalia namna ya kuiandika hiyo kwa lugha ya kamati. Kikombe kikaenda kwa Nyota ya Ziwa. Mgeni rasmi alikikabidhi kwa Khalidi; Khalidi akakitazama, akakipeleka moja kwa moja kwa Marcelina.

"Kiti chako," akasema. "Ikhlas amenishukuru mpaka amelia."

Kisha muuza magodoro akaanza kuwaza kibiashara. Akamsogelea mzee Masatu aliyekuwa amekalishwa juani akaushwe kama dagaa.

"Mzee wangu, shikamoo. Mwanza tunaenda mwezi ujao. Hivi sauti yako inafika mbali kiasi gani?"

"Inategemea nani ananiita."

"Tukikuwekea kiti chako kwenye gari, pale mbele?"

Mzee akafikiri. "Huko Mwanza kuna chai?"

"Chai na chapati."

"Basi akiniita nitaitika."

Marcelina aliinama akavua viatu vya baba mkwe wake, akamwaga maji, akaviegemeza kwenye jiwe vikauke, bila kumtazama usoni. Alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanauma. Na Bibi Hilda, aliyekuwa amekaa kwenye kanga tangu asubuhi, hapo ndipo alipojifunga kiuno akasimama.

"Na mimi nakwenda," akatangaza. "Huyu mzee wangu aitwe na mwanamke mbele ya mikoa yote hiyo, mimi nibaki nyumbani napepeta mtama? Nani kawaambia?"